Pori Halina Kitabu Kimoja

Mtu anayetaka kujifunza maisha ya porini siku hizi huanzia kwenye simu. Anafungua video, anamwona mwanamume mwenye kisu kikubwa akichonga vijiti katika msitu wa misonobari, theluji imetanda kila upande, na baada ya dakika 20 kibanda kimesimama, moto unawaka na samaki yuko juu ya makaa. Kazi hiyo ni ya kweli, na anayeifanya mara nyingi ni fundi hasa. Ila aliyeshika simu yuko Dodoma, Machakos au Moshi. Pori lililo karibu naye lina migunga na miiba, baridi yake ni ya milimani tu, na huyo samaki wa mtoni huenda mamba amekwisha kumwona kwanza. Kosa kubwa la anayeanza si kwamba amejifunza kidogo. Amejifunza pori la watu wengine. Elimu hii ina mafungu mawili: la kwanza ni la mwili wa binadamu, nalo ni lilelile popote duniani, la pili ni la mahali, nalo halisafiri vizuri. Asiyetenganisha mafungu hayo atabeba mbinu za Kanada hadi Tsavo na kushangaa kwa nini hazifanyi kazi.

Tuanze na anga, kwa kuwa ndilo linalodhaniwa kuwa mali ya wote. Karibu kila kitabu cha kujiokoa kilichoandikwa Ulaya au Marekani humwambia aliyepotea aitafute Nyota ya Kaskazini. Nyota hiyo hukaa karibu kabisa na mhimili wa anga upande wa kaskazini, kwa hiyo kimo chake angani hulingana na latitudo ya anayeitazama. London hukaa juu kwa nyuzi 51 hivi. Kwenye ikweta imelala chini kabisa, imezikwa katika ukungu wa upeo wa macho. Na ukivuka kwenda kusini haionekani tena. Mtu wa Iringa anaweza kuitafuta hadi kuche. Kitabu hichohicho humfundisha kuelekeza mshale wa saa ya mkononi kwenye jua ili apate kusini. Mbinu hiyo inataka jua la adhuhuri liwe kusini mwaka mzima, jambo ambalo ni kweli Berlin na si kweli Nairobi, ambako jua la mchana hupita upande wa kaskazini takriban kati ya Machi na Septemba, kisha likahamia kusini. Kuna na ile ya kunyoosha mkono na kupima kwa ngumi umbali kati ya jua na upeo: ngumi moja, wanasema, ni saa moja ya mwanga iliyobaki. Ngumi ya mkono ulionyooshwa hufunika nyuzi 10 hivi za anga. Kaskazini ya mbali jua hushuka kwa mshazari, linajivuta, na hesabu hiyo inakaribia ukweli. Kwetu linashuka karibu wima, nyuzi 15 kwa saa, kwa hiyo ngumi moja ni dakika 40 tu, na baada ya hapo giza halibishi hodi.

Hapa ndipo mahali penyewe panapofundisha vizuri zaidi kuliko kitabu. Saa ya Kiswahili huhesabu kuanzia jua linapochomoza, na huku kwetu jua huzama karibu na saa 12 jioni mwaka mzima, kwa tofauti ndogo tu. Maana yake ni kwamba kila ukitaja saa ya mchana umekwisha kutaja mwanga uliobaki: ikiwa saa 9, unazo saa 3, ikiwa saa 10 na bado hujajua utalala wapi, unazo 2, na hizo si za kutembea bali za kuandaa kambi. Usiku, zile nyota 3 zilizopangwa mstari katika kundi la Mwindaji ziko karibu kabisa na ikweta ya anga. Inayotangulia kuchomoza kati yake hutokea mashariki hasa na kuzama magharibi hasa, popote ulipo. Msalaba wa Kusini nao hujitokeza vizuri jioni za Aprili hadi Julai. Mchana, choma fimbo ardhini penye uwanja, weka jiwe kwenye ncha ya kivuli, ngoja robo saa, weka la pili: la kwanza liko magharibi, la pili mashariki. Hata majina ya pande za dunia tuliyonayo yanadokeza somo hili. Kaskazini na kusini ni za pepo za kaskazi na kusi, yaani watu wa pwani walizipa pande hizo majina ya kile walichokihisi usoni.

Mimea ina hatari kubwa zaidi, kwa sababu anga likikudanganya unapotea, mmea ukikudanganya unakufa. Filamu za jangwa zimewafanya watu waamini kwamba ukikata mti mnene wa miiba usio na majani utapata maji. Tuache kwamba hata huko Marekani maji ya kakati nyingi humtapisha mnywaji. Kakati ni ukoo wa Marekani. Ile miti yetu inayofanana nayo, pamoja na mnyaa unaopandwa kuzungushia boma, ni ya ukoo wa yuforbia, na kinachotoka ndani yake ni utomvu mweupe unaochoma ngozi na unaoweza kumpofusha mtu ukiingia machoni. Au chukua msunguti, mti wa vichaka vya nchi kavu wenye maua meupe yanayonukia na matunda yanayoiva yakawa ya zambarau iliyokolea. Kwa mgeni ni zawadi. Kwa wawindaji wa Kikamba na Kigiriama huo ni mti wa sumu ya mishale, sumu inayoshika moyo. Yuko hata panya mmoja mkubwa wa Afrika Mashariki anayetafuna gome lake na kujipaka mate yenye sumu manyoyani ili mbwa wamwogope. Panya huyo anaujua msitu wake kuliko sisi wenye simu. Kwa hiyo ile kanuni ya kugusisha tunda mdomoni, kungoja, kulamba, kungoja tena, inayosifiwa katika vitabu vingi, mimi nisingemfundisha anayeanza. Afadhali ajifunze mimea 5 anayoweza kuitambua hata gizani, ubuyu, ukwaju, kunazi na wenzake, na mingine yote aiache. Mtu mzima mwenye afya hustahimili njaa kwa siku nyingi. Chakula si dharura ya siku ya kwanza wala ya pili.

Msomaji anaweza kupinga hapa: mbona binadamu ni yuleyule? Kiu ya Mturkana na kiu ya Mjerumani zina tofauti gani? Pingamizi hili ni la haki, na ndilo lile fungu la kwanza nililolitaja. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, Edward Adolph na wenzake walipima watu katika jangwa la California, na matokeo yalitoka katika kitabu mwaka 1947. Walionyesha mambo ambayo hayabadiliki kwa mpaka wa nchi: kugawa maji kidogokidogo hakuokoi chochote, kwani maji huufaa mwili yakiwa tumboni, cha kuwekea akiba ni jasho, yaani kukaa kivulini, kuvaa nguo zinazofunika, kutofanya kazi jua likiwa kichwani. Kwa makadirio yao, palipo na joto la nyuzi 49 kivulini mtu asiye na maji, hata akitulia tu, ana siku 2 hivi. Hapo ile kanuni maarufu ya siku 3 bila maji inaonyesha udhaifu wake: ni wastani wa hali ya hewa ya upole, na bonde la Magadi au kando ya Ziwa Turkana hakuna upole huo. Lakini tazama linalofuata. Utafiti huohuo unaonyesha kwamba jangwani ni heri kutembea usiku, kuna ubaridi na jasho ni kidogo. Ushauri mzuri kabisa kwa California. Mpeleke nao mtu Ruaha au Tsavo, na utakuwa umempeleka njiani kwa miguu saa ambazo simba anawinda na tembo na nyati wanaelekea majini. Sayansi ya mwili ilikuwa sahihi. Mahali ndipo palipobadilisha jibu.

Baridi nayo inadharauliwa kwa sababu tunaishi kwenye ikweta. Halijoto hupungua kwa nyuzi 6 hivi kila unapopanda mita 1,000, na Kilimanjaro ina mita 5,895, Mlima Kenya 5,199. Huhitaji kufika kileleni. Mvua, upepo na fulana ya pamba iliyolowa vinatosha kwenye Aberdare au Uluguru kumshusha mtu chini ya nyuzi 35 za joto la mwili, hali ambayo kwanza huleta kutetemeka, kisha ulimi mzito, kisha maamuzi ya kijinga, kama vile kukaa chini na kusema napumzika kidogo. Dawa ni kubaki mkavu, kujikinga na upepo, na kuweka majani makavu mengi kati ya mgongo na ardhi. Kibanda chenye paa zuri na sakafu tupu ni cha kupigia picha.

Maji ndiyo somo ambalo mwili na mahali hukutana waziwazi, na ndipo ningemshauri anayeanza atumie miezi yake ya kwanza. Kuchemsha ni kwa wote: yakitokota vizuri kwa dakika 1 yanatosha, na juu ya mita 2,000, ambako maji huchemka yakiwa na joto pungufu, yaache dakika 3. Usipokuwa na moto, chupa ya plastiki angavu iliyojazwa maji yasiyo na tope na kulazwa juani kwa saa 6 huua vijidudu vingi vya kuhara. Kukiwa na mawingu, iache siku 2. Lakini maji yapi? Bonde la Ufa lina maziwa yanayometameta ambayo hayanyweki, Natron, Magadi, Elementaita, yamejaa magadi na chumvi, na hakuna kuchemsha kutakakoyafanya matamu. Ziwa Victoria na mabwawa mengi yana konokono wa kichocho, hivyo hatari huanza unapoingia kwa miguu kuchota, kabla hujanywa tone. Kwa upande mwingine, mto wa mchanga unaoonekana umekufa mara nyingi una maji chini. Tembo huchimba kwa miguu na mkonga hadi wayafikie, na Wakamba na Wasamburu wamechimba visima katika mito hiyo vizazi na vizazi. Chimba kwenye kona ya nje ya mto, penye mchanga wenye unyevu, ngoja yajikusanye na yatulie.

Ukishachota, ondoka. Mto huohuo uliokupa maji ni mahali pabaya kuliko pote pa kulala. Mwezi Aprili 2012 vijana 7 wa kikundi cha kanisa walifariki katika korongo la Ol Njorowa, hifadhi ya Hell's Gate nchini Kenya, baada ya maji kushuka ghafla kutoka mvua iliyonyesha mbali. Septemba 2019 korongo hilohilo likachukua wageni wengine, pamoja na mwongozaji wao. Korongo halihitaji mvua juu ya kichwa chako. Linahitaji mvua popote kwenye miinuko inayolilisha, na dalili za mwanzo ni ndogo: maji yanageuka rangi, yanaleta vijiti, mngurumo unasikika kama lori linalokuja. Mtu hapati nafasi ya kujadiliana.

Kifo cha mwongozaji huyo kinaleta pingamizi zito zaidi. Ikiwa hata mwenyeji hupatwa, basi kujifunza kwa wenyeji kuna faida gani? Nianze na upande wa faida, kwa sababu umepimwa. Katika hifadhi ya Niassa, kaskazini mwa Msumbiji, Wayao warina asali humwita mlembe, yule ndege anayeongoza watu kwenye mizinga ya nyuki wa mwituni, kwa mlio maalumu wa kutetemesha ulimi unaoishia na mguno. Mwanasayansi Claire Spottiswoode na wenzake walipima na kutangaza mwaka 2016 kwamba mlio huo ulipandisha uwezekano wa kuongozwa na ndege kutoka asilimia 33 hadi 66. Mwaka 2023 yeye na Brian Wood wakaenda mbele zaidi. Wahadza wa kandokando ya Ziwa Eyasi humwita ndege wa aina hiyohiyo kwa miluzi. Walipochezewa milio yote miwili, ndege wa Tanzania waliitikia miluzi ya Wahadza zaidi ya mara 3 kuliko mlio wa Wayao, na wa Msumbiji nao wakapendelea mlio wa kwao. Ndege ni mmoja, asali ni moja, lakini lugha ya pori imebadilika baada ya safari ya kilomita elfu moja hivi. Kama mlembe mwenyewe anatofautisha mwenyeji na mgeni, sioni kwa nini mwanafunzi asitofautishe.

Sasa upande wa pili, ambao wapenzi wa mambo ya asili huupita haraka. Wenyeji nao wana makosa yao, na mengine yanaua. Jiwe jeusi la nyoka linauzwa na kuaminiwa toka pwani hadi Kongo. Watafiti waliolijaribu kwa panya wa maabara waliotiwa sumu hawakuona likiwasaidia. Kuchanja jeraha, kunyonya damu, kufunga kamba kwa nguvu juu ya mahali palipoumwa, yote yanaongeza madhara, na kamba inaweza kumgharimu mtu mguu. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba nyoka huua watu kati ya 81,000 na 138,000 kwa mwaka, na wengi wao ni wakulima na watoto wa vijijini, wala si watalii. Aliyeumwa na moma au koboko atulizwe, avuliwe pete na viatu, kiungo kifungwe kwenye ubao au fimbo kisitikisike, kisha abebwe kwenda hospitali yenye dawa ya kuzima sumu. Tofauti ninayoiona ni hii: mwenyeji ni mwalimu wa mahali, yaani mti gani, maji yapi, njia ipi ya tembo, mwezi gani mto hushuka. Akianza kufundisha kinachotendeka ndani ya mishipa ya damu, mwulize daktari. Hata kwa mahali, mazoea ya njia yasikufanye uamini mawingu hayapo.

Kuna watakaosema mjadala wote huu umepitwa na wakati, kwa kuwa simu ina ramani na setilaiti. Wako sahihi kwa nusu: kujua mahali ulipo kwa setilaiti hakuhitaji mtandao wa simu, na ramani iliyopakuliwa kabla ya safari imewaokoa wengi. Atakayeikataa kwa ajili ya fahari ya uanaume wa porini atakuwa na mwanga wake mwenyewe wa kumwongoza. Tatizo ni betri, maji na kioo. Na ikizimika, binadamu ana udhaifu wa ajabu: mwaka 2009 Jan Souman na wenzake wa Ujerumani waliwapeleka watu msituni na katika Sahara ya Tunisia, wakawaambia waende moja kwa moja. Jua au mwezi ulipoonekana, walinyooka. Vilipofichwa na mawingu au giza, walizunguka duara na kukatiza njia zao wenyewe, huku wakiamini kabisa kwamba wamenyoosha. Kwa hiyo agizo la kwanza kwa aliyepotea, kaa ulipo, halitokani na woga.

Nimeuacha moto mwishoni makusudi, ingawa ndio kila mtu hutaka kuanza nao. Kiswahili kina neno kamili la kazi hiyo, kupekecha, na neno hilo linaeleza kila kitu: viganja viwili, kijiti kinachozunguka, ubao mkavu laini, unga mweusi unaofuka moshi, kisha pumzi ya polepole juu ya kinyesi kikavu cha tembo au nyuzi za magome. Ni ufundi mtamu na unastahili kujifunzwa, kwa kuwa humfundisha mtu kutofautisha kuni mbichi na kavu kwa kuzishika tu. Lakini kwa usalama, viberiti viwili katika mfuko wa plastiki uliofungwa vinashinda miaka 10 ya kupekecha. Tena moto wa kujifunzia una mahali pake. Hifadhi za taifa haziruhusu kuuwasha ovyo, na Oktoba 2020 Kilimanjaro iliungua kwa siku kadhaa mbele ya macho ya dunia. Mitego nayo, ambayo vitabu vya kigeni huichora kurasa nzima, kwetu ni ujangili. Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977. Pekechea uani kwako, ndoo ya maji ikiwa pembeni.

Uani ndiko pa kuanzia hata kwa mengine. Fimbo ya kivuli haihitaji Serengeti. Chupa ya jua inalala juu ya bati. Miti ya mtaani ina majina ambayo muuza dawa za asili au bibi wa jirani anayajua, na kuyauliza ni bure. Ukishazoea, nenda mara moja mahali panaporuhusiwa, karibu na barabara, pamoja na mtu wa hapo, na umlipe kama unavyomlipa fundi yeyote. Beba maji kuliko unavyodhani, nguo ya ziada, kiberiti, tochi, sufuria ndogo na filimbi. Mipulizo 3, kimya, mipulizo 3, hueleweka mahali pengi kuwa ni wito wa msaada. Na kabla ya kuiacha lami, simama kwenye kioski cha mwisho, nunua kitu, mwambie mwenye duka unapita njia gani, mko wangapi, na kwamba utarudi kumsalimia kabla ya saa 12. Mwachie namba ya ndugu yako. Asipokuona, aanze kupiga simu.